Turubai la Mtu Aliye Hai

Alhamisi. Mvua haijapumzika tangu alfajiri, na kwa vile saluni yangu haina vioo tena, inaingia tu inavyotaka. Nimekalia kile kiti cha kuoshea nywele, ndicho pekee hakikuvunjwa. Mkono wa kushoto umevimba mpaka pete haitoki. Naandika na kidole kimoja, na niko na hasira.

Wacha nianze na hasira kwa sababu ndiyo iko karibu. Nimewakasirikia ndugu zangu wawili, mjomba wangu, binamu yangu Swaleh, watu wa Kawangware waliookota mawe kabla ya kuuliza, na mimi mwenyewe. Daktari pia nilikuwa nimemkasirikia, lakini huyo nimemsamehe.

Kwa asiyenijua, naitwa Rukia. Mimi ni Mnubi, nimezaliwa Kibera kwenye ploti ya baba yangu, na sasa nasuka nywele hapa Kawangware 56. Ploti ya Kibera alibaki nayo Mama pamoja na kaka zangu. Rama ndiye mkubwa, ndiye anayeamua kila kitu hata pale hajaulizwa. Juma ndiye kitinda mimba, fundi wa fanicha, mtu wa maneno machache na kichwa kigumu.

Wiki iliyopita Juma alimdunga Rama.

Nimechoka kusikia watu wa nyumbani wakisema "walikosana". Kukosana ni kununiana. Rama alitaka chumba cha mwisho kibomolewe ajenge ghorofa la mawe, na chumba cha mwisho ndicho cha Juma. Juma akasema mngoje nioe kwanza. Rama akasema sawa, halafu alasiri moja akaleta vijana na nyundo, akavunja kufuli, akatoa kitanda cha Juma nje kwenye matope. Akatoa na kabati ambalo Juma alikuwa akijitengenezea la harusi yake. Mvua ikalipiga lile kabati mpaka mbao zikafura.

Juma alitoka karakana moja kwa moja, na patasi mkononi. Watu wanasema aliibeba kwa nia mbaya. Mimi nimekua na Juma, Juma huenda na patasi hata chooni. Lakini hakuiweka chini. Alimchoma nayo Rama chini ya kwapa, mara moja, mpaka kwenye mpini. Rama akatembea mwenyewe hadi mlangoni kwa Mama, akaketi, akamwambia Mama asiuguse huo mpini.

Juma alikimbilia kwangu. Nilimfungulia. Nilimzaba makofi mpaka kiganja kikaniwaka, nikamwita muuaji, halafu nikamfungia chumba cha nyuma ya saluni na kumletea chai. Sitaeleza zaidi ya hapo. Ukiwa na ndugu utaelewa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa pande mbili. Mchana hospitalini nikimlisha Rama uji kwa kijiko, jioni saluni nikimpelekea Juma chakula na kumwambia damu imetoka kiasi gani leo. Nyumbani Kibera walijua Juma yuko kwangu. Mjomba Khamis, kaka ya Mama, ndiye aliyewashikilia vijana wasije. Aliwaambia Rama akipona, wazee watakaa, Juma ataomba msamaha na kulipia alichofanya. Swaleh akajibu mbele ya watu wote kwamba sawa, atangoja. Lakini Rama akifa, atamwaga petroli kwa Juma na mikono yake mwenyewe.

Mambo yalisimama hapo. Pumzi ya Rama ndiyo ilikuwa inamlinda Juma.

Sasa hospitali. Walimwekea Rama mpira kati ya mbavu, damu ikashuka kwenye chupa iliyo chini ya kitanda. Ikatoka, ikatoka, halafu ikakoma kabla ya kwisha. Eksirei ikaonyesha donge kubwa limebaki ndani, pafu limekandamizwa pembeni na homa inaanza. Daktari wa kifua, mwanamume mrefu anayeongea taratibu mpaka unataka kumvuta ulimi, alinionyesha kwa kalamu kwenye mbavu zake mwenyewe. Tundu hapa, hapa, na hapa. Kwa moja anapitisha kamera nyembamba, kwa hayo mengine vyuma vyembamba. Analivunja lile donge, analinyonya, pafu linapata nafasi. Mtu anarudi nyumbani haraka na makovu madogo tu.

Halafu akasema, na nilisikia vizuri kabisa, kwamba wakiingia na kukuta mambo hayaendi, watatoa kamera na kufungua kifua. Hatatoka nje kuniuliza. Akaniangalia kuona kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa, nikatia sahihi.

Nyumbani nilipeleka ile nusu tamu. Matundu tu, nikawaambia. Mama akawaambia majirani ni matundu tu. Mjomba akamwambia Swaleh ni matundu tu, tulieni. Kila mtu akapumua.

Kuna jambo moja lazima nilieleze hapa, ama hamtaelewa jinsi siku ya Jumanne ilivyogeuka kuwa vita.

Kwetu hatuambiani kifo. Kwa simu mtu hafi. Kwa simu mtu "amezidiwa kidogo", "amebadilishiwa wodi", "madaktari wamemrudisha ndani". Baba alipofariki nilikuwa hapa dukani, wakaniambia amebadilishiwa dawa, nije na leso mbili. Nilijua kwa zile leso, ndizo mwanamke anazojitanda matangani. Nimefika, Mama keshakalishwa kwenye godoro sakafuni. Hakuna aliyewahi kutamka neno lenyewe, na hakuna aliyekuwa na shaka. Tumekua hivyo wote. Habari mbaya inakatwa vipande, cha kwanza kikishuka unajua mzigo mzima unakuja.

Wanasema ni huruma. Mimi pia nilikuwa nikisema ni huruma.

Jumanne, basi. Nilikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Rama alikuwa ameingia akitania, akaniambia nikimkuta na kovu baya nimpake mekapu. Nikakaa. Nikanunua ndizi nikashindwa kuila. Mlango ukafunguka, akatoka sista mfupi wa Kisii, barakoa inaning'inia sikioni, ana damu kwenye kiatu.

"Wewe ndiye wa Ramadhan? Wamebadilisha. Kamera imetolewa, wanamfungua kifua."

Wamebadilisha. Nikasikia leso mbili.

Nilimkaba yule sista kola. Sijivunii. Nilimsukuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, nikamwambia aseme amekufa. Akasema hajafa. Nikamwambia aseme tu, asinizungushe, mimi si mtoto. Askari wa mlango akaja kunishika kwa nyuma, nikampiga kiwiko cha mdomo, akatema damu kwenye shati lake la kazi. Watu wa benchi wakainuka. Mwanamke mmoja asiyenijua akaanza kunililia.

Sista akaibandua mikono yangu, kidole baada ya kidole.

"Dada, hapa mtu akikufa tunasema amekufa. Hatuna wakati wa kuzunguka. Kaka yako anavuja, na kuna mtu ameingiza mkono ndani ya kifua chake ameushika huo mshipa. Niache nipeleke damu."

Nikamwachilia. Nilimwamini, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu angeweza kulitamka vibaya namna hiyo. Nikaketi, na nikafanya kosa ambalo limeniletea haya yote. Nilipiga simu nyumbani.

"Mjomba, wamelazimika kumfungua kifua. Lakini ako hai."

Nikasikia redio inazimwa upande wa pili.

"Nimesikia, mwanangu. Uko na nani hapo?"

Hilo swali nalijua. Ndilo unaloulizwa kabla ya kuambiwa.

"Mjomba, hajafa. Nakuambia kama vile nimeambiwa."

"Eeh. Hajafa. Wewe jikaze. Usimpigie mamako, wacha mimi nimweleze pole pole."

"Hakuna cha kumweleza pole pole. Ako hai, wanamfanyia kazi."

"Ndiyo, mama. Ndiyo."

Alinijibu kama mtu anayebembeleza mtoto aliyeanguka. Na kadri nilivyozidi kuapa, ndivyo sauti yake ilivyozidi kulainika. Kule nyuma yake mwanamke akapiga ukemi, mwingine akamdaka. Nilizijua sauti zote mbili. Nikapiga tena, simu ikawa na mtu. Nikampigia shangazi, akaniuliza maiti itatoka saa ngapi, kwa sababu wanataka kuzika kabla ya giza.

Nikakumbuka ahadi ya Swaleh.

Simu ya Juma ilikuwa imezimwa tangu ajifiche, mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aizime. Nikampigia Njeri, msichana tunayesuka naye, nikamwambia amtoe Juma kwa mlango wa nyuma. Akasema mlango wa nyuma una kufuli, na wa mbele unatazama barabara watakayokuja nayo. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu, hapo kwenye benchi, juu ya ndizi.

Kwa hivyo nilimwacha Rama. Kifua wazi, mkono wa mtu ndani, na mimi nikainuka nikatoka. Kama angekufa ile saa, angekufa bila mtu wake mlangoni. Nilichagua. Nikapanda bodaboda nikamwambia jamaa akiona taa nyekundu asijali.

Nilisikia kabla ya kuona. Kioo cha dirisha la nyumba kinavunjika kwa sauti moja, lakini vioo vya saluni nzima vinachukua muda. Njeri alikuwa amesimama ng'ambo kwenye duka la hadiwea, taulo begani, na mteja kando yake aliyesukwa nusu kichwa. Wote wawili walikuwa wanalia.

Walikuwa wamemtoa Juma kwa kumburuta miguu. Kichwa kiligonga ngazi ya kwanza, kikagonga ya pili. Swaleh alikuwa na kile chuma cha kusimamishia draya yangu, na kila alipokishusha nilisikia kitu kinavunjika ambacho si chuma. Mwingine alikuwa anampiga kwa stuli. Wengine mateke tu, ya mbavu, ya tumbo, ya uso. Vijana wote wa kwetu. Walipitia Olympic, kulekule Kibera, wakaokota na wenzao wa kucheza mpira. Mmoja wao nilimfundisha kufunga kamba za viatu.

Halafu mtu akasema mwizi. Sijui ni nani. Hapa 56 neno hilo halihitaji shahidi. Wanaume wakaacha biashara zao, mmoja akaja na ubao wa mbili kwa mbili uliokuwa bado na alama ya chaki ya dukani. Hawakumjua Juma, hawakumjua Rama. Walikuwa wanapiga, wanarudi kutafuta jiwe lingine, wanakaribia kupanga foleni. Jamaa mmoja alimpiga teke la taya kwanza, ndipo akanigeukia akaniuliza ameiba nini.

Nikamlalia Juma. Sikufikiria, nilijitupa juu ya mgongo wake. Jiwe likanipata mkono, huu usiofanya kazi leo. Nikauma mguu wa mtu mpaka nikasikia ladha ya suruali na chumvi. Nikapiga kelele kwamba Rama yuko hai, Rama hajafa, mnaua mtu bure.

Swaleh akainama. Alikuwa analia, machozi ya kweli, kamasi mpaka mdomoni. Alikua na Rama, walilala kitanda kimoja miaka mingi.

"Rukia, usitudanganye. Nimetoka nyumbani saa hii. Turubai la matanga limesimamishwa."

Utamwambia nini mtu ambaye ameona turubai?

Akafungua chupa. Nilisikia baridi kwenye shingo kwanza, harufu ikafuata. Petroli ilishuka kwenye nywele za Juma na kwenye leso yangu. Juma alisema kitu, sikukisikia, mdomo wake ulikuwa umejaa. Nikamshika kwa nguvu zaidi. Nilikuwa nafikiria kitu cha kijinga, kwamba Swaleh havuti sigara, kwa hivyo hana kiberiti. Halafu nikaona mtu anampa.

Kilichotuokoa ni githeri.

Shosho Wambui, bibi mzee, ndiye mwenye ploti hii. Shamba lilikuwa la wakwe zake kabla ya Kawangware kuwa mji, na anaishi nyuma ya saluni na jiko lake la makaa. Hatupendani sana. Huwa ananiambia maji ya kuosha nywele yanaua mboga zake. Alitoka kwenye kichochoro na sufuria nzima ameishika kwa aproni, mvuke unamfuata, akaimwaga yote kwa Swaleh, kuanzia shingoni. Mahindi na maharagwe yakabandika kwenye ngozi. Swaleh alilia sauti ambayo sijawahi kusikia kwa mwanamume, kiberiti kikaanguka kwenye matope.

"Mnataka kuniwashia mabati?" Shosho akasema. Hakupaza hata sauti. Halafu akawageukia wale watu wa mawe. "Huyu si mwizi. Ni ndugu kwa ndugu, wametoka Kibera kuja kuchomana kwangu."

Wale watu wakatulia kidogo. Wakaangalia Juma, wakaangalia mawe mikononi mwao, wakaangalia vijana wa Kibera. Na mawe yaleyale, mikono ileile, wakawageukia. Sikushangilia, lakini sikuwaonea huruma pia. Waliwafukuza mpaka barabarani. Kijana mmoja alipoteza meno, mwingine alipasuliwa nyusi. Pikipiki moja ikaachwa, na pikipiki hiyo ndiyo iliyochomwa badala ya Juma. Moshi wake ulikuwa mweusi, ukakaa kwenye nguo zangu mpaka jana.

Mwenye hadiwea alitoa pikapu. Tukamlaza Juma juu ya mifuko ya saruji, na njia nzima nilikuwa nimeshika taya yake isizunguke.

Hospitali ni ileile. Askari wa mlango aliponiona, mdomo umevimba, alirudi nyuma. Nikamwambia pole. Akasema pita tu, mama, pita.

Daktari nilimkuta kwenye korido, ameshavua nguo za kijani. Akaniambia Rama ametoka, yuko ghorofa ya juu, mashine inamsaidia kupumua, mshipa umeshonwa. Nilipaswa kupiga magoti. Badala yake nilimfokea mbele ya watu wote. Nilimwambia alituahidi matundu. Nilimwambia aangalie kitanda cha magurudumu nyuma yangu, huyo pia ni wangu, na kisu chake ndicho kilichomfikisha hapo.

Hakubishana. Alimwangalia Juma, akaita watu wamchukue, ndipo akarudi kwangu akaniambia kama ilivyo. Kwamba pafu la Rama lilikuwa limegandana na ukuta wa kifua. Kwamba walipolivuta lile donge, mshipa uliokuwa umezibwa na donge lenyewe ukaachia, na skrini ikawa nyekundu tupu. Ukiwa na kamera kwenye damu huoni chochote, unashika vyuma tu gizani. Akaomba kisu kikubwa. Akakata kutoka chini ya fupa la bega mpaka mbele ya titi, akaweka chuma cha kupanulia mbavu kinachozungushwa kama jeki ya gari, ubavu mmoja ukalia, akaingiza mkono.

"Ningeng'ang'ana na matundu," akasema, "ningekupa maiti yenye vidonda vidogo vizuri. Na nilikuambia."

Aliniambia. Ni kweli aliniambia. Nikakaa chini sakafuni pale pale, nikinuka petroli, na sista mfupi wa Kisii akaniletea maji bila kunisemesha.

Juma ana mbavu zilizovunjika upande wa kulia, taya imefungwa waya, jicho moja hawajui kama litaona. Ubavu ulitoboa ndani, kwa hivyo naye amewekewa mpira na chupa. Yuko wodi ya chini, na polisi wamemfunga mguu kwa pingu kwenye kitanda kwa ajili ya ile patasi. Sasa wote wawili wana chupa. Nimejifunza kuiangalia. Mtu akivuta pumzi, maji kwenye mrija yanapanda, akitoa, yanashuka. Naweza kukaa naangalia hayo maji mpaka wanifukuze.

Jana nilitaka kumaliza uongo huu wa kifo mara moja. Nikampiga Rama picha na kuituma kwenye grupu ya familia. Amelala, macho yamefungwa, mpira mdomoni, shuka jeupe mpaka kifuani. Shangazi akaandika kwamba angalau wamemtengeneza vizuri. Binamu wa Mombasa akaweka mshumaa. Kufikia adhuhuri picha yangu ilikuwa imezunguka Kibera nzima na maneno ya rambirambi juu yake. Nikatuma sauti, nikapiga kelele kwenye hiyo sauti. Wakajibu pole sana Rukia, Mungu akutie nguvu.

Swaleh peke yake ndiye aliyeniandikia pembeni. Ameandika maneno mawili, "Ni kweli?" Sijamjibu. Nimemwonea uchungu na bado nataka kumvunja ule mkono ulioshika chuma.

Jioni Rama alitolewa mpira wa mdomo. Sauti yake ni kama ya mtu anayesugua ukuta. Hawezi kukohoa, hawezi kucheka, akivuta pumzi anashika shuka. Jambo la kwanza aliuliza ni Juma yuko wapi. Nikaamua mimi sitamzungusha. Nikamwambia walimpiga, walitaka kumchoma, amevunjika, yuko wodi ya chini, anapumua.

Akaniangalia. Macho yakajaa.

"Mmemzika?"

Nikamwambia hajafa. Akaniuliza tena, mmemzika wapi, kando ya Baba? Nikaapa. Alipoanza kulia kifua kilimkaba, akanisihi nitoke kwa sababu kulia kunampasua. Sikujua analilia ndugu aliyemchoma ama analilia kabati alilolitoa kwenye mvua. Nilitoka.

Na asubuhi hii nimeenda kwa Mama.

Turubai limeshushwa, aliyelikodisha alilitaka kwa shughuli nyingine. Watu wamepungua. Lakini Mama hajatoka kwenye godoro. Amekaa palepale alipokalishwa Jumanne, kanga kichwani, na wanawake wawili wamemwegemea. Niliwaomba watoke. Nikaketi mbele yake, nikamweleza yote kwa mpangilio, kamera, mshipa, kisu, chuma, githeri, pingu. Sikuficha hata petroli. Nilimwambia Mama, wote wawili wako hai. Alinisikiliza bila kunikatiza, akiupapasa huu mkono wangu uliovimba.

"Nimesikia yote, mwanangu," akasema. "Sasa niambie tu ni yupi."

Nikasema hakuna. Nikataka kuapa, akaniwekea kidole mdomoni.

"Usiape. Niambie ni yupi nimalize kulia."

Nimerudi huku saluni na sijafagia. Njeri ameniuliza tuanze wapi, nikamwambia aende nyumbani. Nimekasirika mpaka nimeishiwa.

Kesho, mvua inyeshe isinyeshe, namtoa Mama kwenye lile godoro, hata kama ni kwa kumbeba. Nitampeleka aone kwa macho, kwa kuwa masikio yetu yameshaharibika. Rama yuko juu na hawezi kuinuliwa. Juma yuko chini na amefungwa pingu. Siwezi kuwaweka mbele yake kwa pamoja. Nikimpeleka kwa Juma kwanza, atamgusa, atashukuru, na tukianza kupanda ngazi atajua namsogeza pole pole kwenye habari ya Rama. Nikimpandisha kwa Rama kwanza, kila ngazi ya kushuka atakuwa anamzika Juma. Mmoja lazima afe moyoni mwa mama yangu kesho, hata kama ni kwa muda wa ngazi zile tu, na mimi ndiye wa kuchagua.

Nianze na yupi?